Nyumba karibu na ziwa Ufini kwa bei ya gari lililotumika: tatizo liko wapi?

Mtu wa Kirumba (#1)
Wakuu, habari za jioni. Naomba tusaidiane kwenye hili, limeninyima usingizi tangu Julai.

Niko Ufini mwaka wa sita sasa, pande za Vantaa jirani na Helsinki, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kiangazi kilichopita mwenzangu wa kazini alinialika kwao Savonlinna, mashariki huko kwenye maziwa. Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza, ziwa silishangai. Lakini hili Saimaa limenishika. Letu ukisimama ufukweni unaona maji mpaka mbingu inapogusana nayo. Hili limekatwakatwa na visiwa, misitu inashuka mpaka majini, ukipinda kona kuna maji, ukipinda tena maji mengine. Saa tano usiku bado kuna mwanga wa kusomea gazeti, na kimya kiasi kwamba unasikia kasia la mtu aliye ng'ambo.

Siku ya kurudi, njia ya kwenda Kerimäki, tukapita nyumba ina kibao cha kuuzwa. Ya mbao, ina chumba cha juu chini ya paa, mita za mraba 90, kiwanja mita 2,400, sauna yake nje, ziwani ni hatua kama mia na hamsini. Bei euro 29,000. Nikadhani nimesoma vibaya. Nilipofika nyumbani nikaingia mtandaoni, kumbe ziko kibao za aina hiyo.

Kwetu kiwanja kinachoona ziwa pale Capri Point bei yake unaiuliza kwa kunong'ona. Hawa wanauza nyumba nzima na sauna juu! Mimi nasema Wafini hawajui walicho nacho. Mnaoishi huko nielezeni, maana bei hii lazima ina sababu.

Mpingo Mkavu (#2)
Sababu inaitwa Januari. Mkuu wewe umekwenda Julai. Nenda Januari ukalale siku tatu, halafu urudi kwenye uzi.

Kamau wa Ruiru (#3)
Mimi nasoma Lappeenranta, kusini mwa Saimaa hiyo hiyo. Jibu langu ni mpaka. Hapa tuko kilomita 30 hivi kutoka Urusi. Wenyeji wanasimulia kuwa zamani maegesho ya maduka yalijaa magari ya St. Petersburg kila wikendi, na Warusi wenye pesa walinunua nyumba za mapumziko huku Saimaa. Sasa mpaka wa nchi kavu umefungwa tangu mwishoni mwa 2023. Wateja wakaisha, maduka yakafunga, wafanyakazi wakahama. Mnunuzi atatoka wapi?

Dada Savo (#4)
Karibu sana mleta mada. Niko Savonlinna mwaka wa kumi na nne, nimeolewa huku, kwa hiyo nyumba za aina hiyo nazijua mpaka harufu.

Kwanza Kamau, Warusi walitafuta nyumba za ufukweni kabisa, zenye gati na mtumbwi. Hiyo ya hatua mia na hamsini hawakuwa wakiitazama. Na bei za nyumba zisizo ufukweni zilianza kushuka hata kabla ya mpaka kufungwa.

Nyumba uliyoiona, kwa unavyoieleza, ni ile wanayoiita rintamamiestalo, nyumba ya askari wa mstari wa mbele. Baada ya vita, Ufini ilipoteza Karelia na watu zaidi ya 400,000 wakahamishwa kutoka huko. Ilibidi wapewe ardhi, na askari waliorudi nao wakapewa. Ndiyo zikajengwa nyumba nyingi nchi nzima za ramani inayofanana: paa kali, bomba la moshi katikati, vyumba vinavyolizunguka, na mara nyingi chumba cha chini ya ardhi. Ni nyumba nzuri, walijenga watu wenye shida na akili. Sasa zina miaka sabini na ushee. Chumba cha chini kinavuta unyevu, mabomba yamechoka, nyaya za umeme ni za zamani. Bei ya kununua ni nauli ya kuingia tu. Safari yenyewe huanza ukishapewa ufunguo.

Halafu uliza habari ya maji machafu. Nyumba isiyo kwenye mtandao wa bomba la mji inajitegemea, na iliyo ndani ya mita 100 kutoka ziwani ilitakiwa iwe na mfumo unaokidhi sheria tangu mwisho wa Oktoba 2019. Kuujenga upya ni maelfu ya euro. Kwa hiyo hizo hatua zako mia na hamsini, kapime kwa mita.

Mtu wa Kirumba (#5)
Dada Savo ahsante sana. Hatua zangu ni fupi, nitapima.

Mpingo Mkavu (#6)
Jamani mita 2,400 za kiwanja halafu anahesabu hatua 🤣

Mzee wa Njombe (#7)
Salaam wote. Nimefanya kazi na Wafini miaka kadhaa kwenye mradi wa Panda Miti Kibiashara huku Nyanda za Juu Kusini, na mara mbili nimekwenda kwao kwa mafunzo, Joensuu na Punkaharju. Naongeza moja ambalo halijaguswa, nalo ni mirathi.

Kule msitu na nyumba ni urithi. Mzee akifariki watoto watatu wanarithi pamoja, wote wako Helsinki au Tampere. Msitu wanaubakiza kwa sababu unaingiza pesa. Nyumba ya kijijini hakuna anayeitaka, lakini kodi ya majengo inakuja kila mwaka, bima inakuja, na majira ya baridi usipoweka joto kidogo mabomba yanapasuka. Kwa hiyo hawauzi kwa faida, wanauza kuutua mzigo. Nilipolala kijijini mwenyeji wangu alinionyesha nyumba tatu barabarani zenye mapazia na vyombo mezani, ndani hakuna mtu tangu mazishi.

Kwa hiyo siyo kwamba hawajui walicho nacho, kijana wangu. Wanajua. Walionacho ni wachache na wamezeeka.

Kalamu Nyeusi (#8)
Mzee wa Njombe amegusa penyewe, ila vijana hawakuondoka kwa kupenda tu. Savonlinna ilikuwa na kampasi ya kufundisha walimu, ya Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki. Ikafungwa 2018, mafunzo yakahamia Joensuu. Mji wa watu elfu thelathini na kitu ukiondolewa wanafunzi na wahadhiri, nyumba za kupanga zinabaki wazi, mikahawa inakufa. Hiyo ni sababu kubwa kuliko mpaka.

Pia nisahihishe kitu kabla hakijaandikwa. Mtu asije akasema Ufini ina "maziwa elfu". Hesabu inayotajwa ni 187,888.

Mpingo Mkavu (#9)
187,888? Nani alipiga mbizi kuyahesabu?

Kalamu Nyeusi (#10)
Wanahesabu kila dimbwi lenye mita za mraba 500 na kuendelea. Ukichukua yale ya hekta moja na zaidi yanabaki kama elfu hamsini na sita na ushee.

Mtu wa Kirumba (#11)
Mita 500 kwetu bata hawezi hata kugeuka. Ziwa ni Victoria bwana, kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Saimaa ina ngapi?

Kalamu Nyeusi (#12)
Kama 4,400. La kwanza kwa ukubwa Ufini, la nne Ulaya kati ya maziwa ya asili. Lakini lina visiwa karibu elfu 14, kwa hiyo ukifuata ukingo wake unapata ufuo mrefu mno. Wote wenye ndoto ya nyumba ya ufukweni wanapata nafasi.

Dada Savo (#13)
Hapo Kalamu Nyeusi umetoa sababu nyingine bila kujua. Ufuo ni mwingi, kwa hiyo ufuo peke yake hauna thamani ya ajabu. Capri Point ni moja. Huku kila kijiji kina Capri Point yake. Wafini wana nyumba za mapumziko kama nusu milioni, na wao wenyewe ni milioni tano na nusu. Asiyekuwa nayo, shangazi yake anayo.

Ila tusimdanganye mleta mada: nyumba ya ufukweni kabisa, yenye sauna majini na jua la jioni, bado inauzwa bei ya maana. Rahisi ni hizi za ndani ndani.

Mama Baraka (#14)
Jambo kwenu bandugu. Mimi ni Mkongo wa Uvira, tuko Mikkeli na familia. Tulikuja kwa mgawo wa wakimbizi, kutoka kambini Uganda. Hatukuchagua Mikkeli, manispaa ndiyo ilitupokea.

Nitasema ya Januari, kwa sababu yule ndugu alitania na ni kweli. Desemba jua linatoka saa tatu na nusu ya asubuhi, saa tisa ya alasiri haijafika limeshazama. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala kutwa, nikadhani nimerogwa. Muuguzi akanipa vitamini D, akaniambia toka nje saa sita kila siku hata kama ni baridi. Nilikuwa natembea mpaka ziwani. Siku moja nikakuta mama mzee wa Kifini amevaa kofia ya sufu na nguo ya kuogelea, anashuka ngazi kwenye shimo la barafu. Alitoka mwekundu kama pilipili, akanisalimia kama tumekutana sokoni. Leo tunakwenda naye sauna ya wanawake kila Alhamisi. Mimi shimoni naingia mpaka shingo, nahesabu kumi, natoka.

Watoto wangu wanasema Kifini chenye lafudhi ya hapa, hawataki kusikia habari ya kuhamia Helsinki. Lakini mkubwa amemaliza shule ya ufundi, kazi amepata Vantaa. Ameondoka Agosti. Hiyo ndiyo sababu ya nyumba kuwa rahisi, inapita kwenye mlango wangu.

Mtu wa Kirumba (#15)
Mama Baraka hapo umenigusa. Mwanao akikwama Vantaa nitumie ujumbe pembeni.

Mama Baraka (#16)
Aksanti sana mwanangu.

Kamau wa Ruiru (#17)
Swali kwa Kirumba: wewe ni raia wa wapi kwa sasa? Maana tangu 2020 mtu ambaye si raia wa Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi lazima aombe kibali Wizara ya Ulinzi akinunua ardhi na nyumba. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilituruhusu uraia pacha, Ufini nao wanaruhusu, unachukua vyote mambo yanaisha. Nyinyi majirani je? 😀

Mtu wa Kirumba (#18)
Kamau usinitoneshe. Bado nina pasi ya nyumbani. Tanzania hakuna uraia pacha, nikichukua wa huku ule wa nyumbani unaondoka. Mama yangu yuko Kirumba, siwezi kwenda kumuona kama mgeni. Kwa hiyo hiyo Wizara ya Ulinzi inahusu nini? Mimi nataka kuvua samaki tu.

Kalamu Nyeusi (#19)
Inahusu usalama wa nchi. Waliona watu wa nje wananunua maeneo karibu na njia za meli, viwanja vya ndege na mitambo. Mtanzania mhudumu wa wazee sioni kwa nini akataliwe, lakini ombi lazima liwepo. Fleti ya kuishi kwenye jengo la kampuni ya nyumba hainunuliwi kama ardhi, unanunua hisa, kwa hiyo haiguswi na kibali hicho.

Na ukinunua ardhi na nyumba, kodi ya uhamisho ni asilimia 4.

Dada Savo (#20)
Ilikuwa 4. Tangu Oktoba 2023 ni asilimia 3 kwa ardhi na nyumba, 1.5 kwa hisa. Na mkataba wa karatasi wa nyumba yenye ardhi hausainiwi mezani kwa wakala tu, lazima awepo mthibitishaji wa mauzo anayetambulika kisheria.

Kalamu Nyeusi (#21)
Kweli, nimekumbuka ya zamani. Ahsante.

Mpingo Mkavu (#22)
Wote mnazungukazunguka. Kuna mtu aliyejaribu benki? Mimi nilijaribu. Nina ajira ya kudumu, mshahara unaingia, nikaomba mkopo mdogo wa nyumba ya kijijini pande za Rantasalmi. Benki (siitaji) ikaniambia nyumba hiyo haiwezi kuwa dhamana, maana miaka kumi ijayo huenda isiuzike kabisa. Nyumba ileile ingekuwa Espoo, jirani na Helsinki, wangenipa pesa siku hiyohiyo. Sasa kama benki hazitoi mkopo, wanunuzi ni wenye taslimu tu. Wenye taslimu wako wangapi? Bei lazima ianguke. Mimi ndiyo sababu yangu, Januari nilikuwa natania.

Mzee wa Njombe (#23)
Mpingo hapo umeongea kiume. Ila benki inaogopa kwa sababu watu wanahama, kwa hiyo tunarudi kulekule kwangu.

Mpingo Mkavu (#24)
Na watu wanahama kwa sababu hakuna pesa inayoingia. Kuku na yai, mzee wangu.

Nahodha wa Chake (#25)
Assalaam aleikum. Mimi Mpemba niko Muscat, nasoma uzi kimyakimya tangu jana. Sinunui nyumba, nataka kupeleka familia kutembea. Huku Juni nje huwezi kukanyaga, joto linachoma nyayo. Nimeambiwa kwenye maziwa ya Ufini Juni ni baridi ya kuvalia fulana nzito. Je, chakula chetu kinapatikana? Na Ramadhani huko inakuwaje, maana jua halizami?

Dada Savo (#26)
Waaleikum salaam. Juni hapa mchana nyuzi 15 mpaka 25, usiku chukua sweta. Nyama ya halali ni ya Helsinki na miji mikubwa, huku Savonlinna ninaagiza na kugandisha. Lakini kuna samaki, mbona utasahau nyama.

Jua linazama Savonlinna, linachelewa tu. Wasiolala nalo ni wa kaskazini kabisa. Juni ya 2016 Ramadhani ilikuwa ya mfungo wa zaidi ya saa ishirini, wengine walifunga hivyohivyo, wengine walifuata ratiba ya Makka. Safari hii iko Februari na Machi, mfungo wake haupishani sana na wenu.

Ukija, fika Olavinlinna, ngome iliyoanza kujengwa 1475 juu ya mwamba katikati ya maji. Kila kiangazi kuna tamasha la opera uani mwake, lilianzishwa 1912 na mwimbaji Aino Ackté. Wakati huo hoteli bei juu, jihadhari. Kisha endesha mpaka Punkaharju, barabara imepita juu ya tuta jembamba la kilomita saba, maji kushoto na kulia.

Nahodha wa Chake (#27)
Shukran dada. Samaki gani?

Dada Savo (#28)
Muikku! Huyu ndiye dagaa wa Saimaa. Mrefu kama kiganja, anang'aa fedha. Unamtoa utumbo kwa kidole gumba, unambiringisha kwenye unga wa rai uliotiwa chumvi, unampanga kwenye kikaango cha chuma chenye siagi inayotoa povu, mmoja mmoja wasigusane. Usimgeuze mpaka ukingo uwe kahawia. Analiwa na mwiba wake. Sokoni Savonlinna, gatini, wanakaanga kwenye sufuria pana kama ungo, harufu inakufuata mpaka darajani.

Mtu wa Kirumba (#29)
Nimewala hao! Hadi leo nakumbuka. Ni dagaa kabisa, ukoo mmoja na wetu.

Kalamu Nyeusi (#30)
Si ukoo mmoja mkuu. Muikku yuko kwenye jamii ya samoni. Dagaa wa Victoria yuko jamii ya kambale-mamba, sina hakika kwa jina lake la Kiswahili.

Mzee wa Njombe (#31)
Kalamu Nyeusi hapo umeteleza. Dagaa wa Victoria yuko upande wa ningu na kuyu, siyo kambale wala mamba.

Kalamu Nyeusi (#32)
Napokea.

Mpingo Mkavu (#33)
Leo Kalamu imepigwa mara mbili kwenye uzi mmoja, tarehe iandikwe.

Kamau wa Ruiru (#34)
Kuhusu uvuvi: kuvua kwa fimbo na ndoana ya kawaida ni bure kwa kila mtu, hata mgeni, na kuvua kwenye shimo la barafu pia. Ukitumia fimbo ya kurusha chambo bandia unalipa ada ya serikali kama una miaka 18 hadi 69. Zamani ilikuwa mwisho 64, wazee wakasogezewa. Matunda ya porini na uyoga unachuma msitu wa mtu yeyote, usikaribie uwanja wa nyumba yake tu. Hata ukiuza hizo beri hulipi kodi.

Dada Savo (#35)
Na nyavu, Kirumba, wewe mtu wa Mwanza nakuona unazifikiria. Kuanzia 15 Aprili mpaka 30 Juni maeneo mengi ya Saimaa nyavu ni marufuku, kwa ajili ya norppa. Huyu ni sili anayeishi kwenye ziwa hili tu duniani kote, alibaki humu barafu ya kale ilipoyeyuka na nchi ikainuka ikamtenga na bahari. Wako karibu 500. Watoto wao wakinasa kwenye nyavu wanazama. Wanazaliwa Februari ndani ya pango la theluji ukingoni, na miaka ambayo theluji ni haba watu wanajitolea kwenda na koleo kumrundikia. Mume wangu huenda. Mimi nilimwona wa kwanza mwezi Mei, amelala juu ya jiwe, tumbo linameta, akaniangalia kama mtu aliyesumbuliwa usingizini. Nililia, sijui kwa nini.

Mama Baraka (#36)
Kuhusu beri, ndugu zangu, angalisho. Kuna wakala mmoja aliwapigia simu watu wa kwetu kambini, anasema lipa dola nitakupeleka Ufini kuchuma beri, utarudi tajiri. Binamu yangu alitoa pesa ya mbuzi wote. Wakala akazima simu. Kazi ya kweli ya beri ina mkataba na kibali cha msimu. Anayekuomba pesa kwanza, mkimbie.

Mtu wa Kirumba (#37)
Pole sana Mama Baraka. Msimamizi naomba ujumbe huu usipotee chini.

Narudi kwenye mada. Kuna jambo moja wenzangu wa Helsinki wananiambia: usiende, kijijini hawasalimii, utakaa miaka kumi hakuna atakayekugongea mlango. Hilo ni kweli?

Dada Savo (#38)
Hiyo ni habari ya Wafini kwa jumla, Wasavo, yaani watu wa eneo letu hili la Savo, ni watu wengine. Savo wanaongea! Tena kwa kuzungusha. Wana msemo kwamba Msavo akizungumza, jukumu linahamia kwa msikilizaji. Ukimuuliza fundi atakuja lini, atakujibu "huenda akaja, au asije", na wewe ndiye ujue maana yake ni Jumanne.

Baridi yangu ya pili bomba la jikoni liliganda, nje nyuzi hasi 31, mume yuko kazini mbali. Jirani aliona bomba langu la moshi halitoi moshi asubuhi. Akaja bila kupiga simu, mkononi ana mashine ya kukaushia nywele ya mkewe. Alikaa chini ya sinki saa moja na nusu anapulizia bomba, hasemi kitu. Maji yalipotoka akasema "haya", akanywa kahawa vikombe viwili, akaondoka. Kesho yake nikakuta kuni zimepangwa mlangoni. Kumbe kule wanaangalia moshi wa mwenzao.

Mpingo Mkavu (#39)
Dada Savo, #4 umemtisha, #38 umemuuzia nyumba.

Dada Savo (#40)
Yote mawili ni ya kweli.

Mzee wa Njombe (#41)
Mimi bado nina swali lililonisumbua tangu safari ile. Pale Kerimäki kuna kanisa la mbao, wanasema kubwa kuliko yote ya mbao duniani, limekamilika 1847, viti zaidi ya 3,000. Kijiji chenyewe kidogo. Mwenyeji wangu aliniambia fundi alichanganya vipimo, ramani ilikuwa ya sentimita yeye akajenga kwa inchi.

Kalamu Nyeusi (#42)
Hadithi tamu, lakini kipimo cha mita kilifika Ufini miaka mingi baada ya 1847. Hapo sitelezi. Maelezo mengine ni kwamba walitaka nusu ya waumini wote waenee kwa wakati mmoja, na parokia wakati huo ilikuwa na watu wengi.

Kamau wa Ruiru (#43)
Sasa si hilo ndilo jibu la uzi wote? Mahali palipojengwa kwa ajili ya watu wengi, watu wakaondoka.

Mzee wa Njombe (#44)
Umesema vizuri, ila haitoshi. Njombe nayo vijana wanaondoka na bei ya shamba inapanda. Kuondoka kwa watu peke yake hakushushi bei.

Mpingo Mkavu (#45)
Benki, mzee. Benki.

Mtu wa Kirumba (#46)
Wakuu nimerudi. Nimefuata ushauri wa #2, nimekwenda Februari siku nne. Baridi ilikuwa hasi 24. Nilitembea juu ya ziwa mpaka kisiwani na mwenyeji, ameninunulia zile ncha za chuma za kuvaa shingoni, ukitumbukia unajivuta nazo. Barafu ilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, alinitobolea nikaona. Jioni barafu inalia, sauti ndefu kama nyaya za umeme zinapigwa nyundo kutoka mbali. Mara ya kwanza nilikimbia. Akaniambia inalia kwa sababu inakua.

Nyumba ipo. Nimeingia ndani na wakala. Chumba cha chini kina ukungu ukuta mmoja, Dada Savo ulikuwa sahihi. Nimepima mpaka ziwani: mita 112. Jikoni kuna jiko la kuni na benchi, na ukutani alama za penseli za urefu wa watoto, ya mwisho 1971.

Sijaamua. Kazi ya kuhudumia wazee Savonlinna ipo, nimeuliza. Mke wangu anasema msimu mmoja tupange kwanza.

Dada Savo (#47)
Mke wako ana akili. Pangeni, halafu Novemba ndiyo mwamue. Novemba hakuna theluji ya kuangaza wala jua. Mkiipita hiyo mmepita.

Mama Baraka (#48)
Februari si mwezi mgumu, kweli. Novemba ndiyo mwalimu.

Nahodha wa Chake (#49)
Mimi nimeshakata tiketi ya Juni. Watoto wanauliza kama sili anang'ata.

Dada Savo (#50)
Hang'ati, ila msimsogelee. Kuwe na mita mia kadhaa.

Barafu imeondoka usiku wa kuamkia leo, upepo wa kusini umeisukuma yote ikarundikana kwenye matete. Nimepita njia ya Kerimäki asubuhi. Kirumba, kibao bado kipo, na bei wameibandika upya juu ya ile ya zamani.

Mtu wa Kirumba (#51)
Imeandikwaje?

Dada Savo (#52)
24,000.